Nusu ya Wimbo Ilibaki Ukumbini

Ni saa kumi na moja jioni katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje. Uani kwa mzee mmoja, simu iliyoegemezwa kwenye kikombe cha chai inapiga wimbo wa zamani wa Mlimani Park Orchestra. Mwenye nyumba amekaa kwenye kigoda, amefumba macho. Waimbaji wanamaliza kisa chao, magitaa yanaanza kukimbizana, tarumbeta zinaingia, halafu sauti inafifia na wimbo unakatika. Mjukuu wake, aliyekabidhiwa kazi ya kuchagua nyimbo, anamwambia babu umeisha, aweke mwingine? Mzee hajibu. Mguu wake wa kulia bado unapiga ardhi, kwa mwendo uleule, na kidole cha shahada kinagonga ukingo wa kigoda pale ambapo tumba ingejibu.

Inapita kama dakika nzima. Kisha anafumbua macho na kumweleza mjukuu kwamba wimbo haukuisha, ulikatwa. Ukumbini, anasema, hapo ndipo ulipokuwa unaanza.

Mzee huyu ameomba jina lake lisiandikwe. Kwake yeye, wenye majina katika simulizi hii ni wale waliokuwa jukwaani. Aliishi Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, kwanza akifanya vibarua, baadaye akiwa mtunza stoo. Kilichobaki baada ya kodi ya chumba na unga kilikwenda getini, mikononi mwa wakata tiketi wa kumbi za dansi. Leo analima kahawa na mahindi. Hakurudi nyumbani na redio kubwa wala kabati la santuri. Alirudi na bendi alizoziona kwa macho yake, na bado anazo zote kichwani.

Kumbukumbu hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Muziki wa dansi wa Tanzania tulionao kwenye kaseti, santuri na simu ni sehemu tu ya muziki uliopigwa. Sehemu nyingine ilipigwa usiku, ikachezwa, ikatoka na jasho, na haikurekodiwa na mtu yeyote. Imehifadhiwa katika miguu ya watu kama huyu.

Kisa, kisha chemko

Wimbo wa dansi wa Kitanzania ulijengwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kisa: mapenzi yaliyovunjika, barua kutoka kijijini, ulevi, wivu, nasaha kwa kijana aliyeoa. Hapo magitaa yanakwenda polepole, waimbaji wawili au watatu wanapokezana, na msikilizaji anasikiliza maneno. Kipande cha pili wanamuziki walikiita chemko. Gitaa la ridhimu linabadilisha mwendo, solo inapanda, saksafoni na tarumbeta zinajibu kwa pamoja, waimbaji wanarudia kiitikio kifupi, na waliokuwa wamekaa wanasimama.

Kwa miongo mingi redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, hadi vituo binafsi viliporuhusiwa katika miaka ya 90. RTD ndiyo iliyozirekodi bendi hizi katika studio zake za Barabara ya Pugu, na taifa lina deni kubwa kwake. Bila kanda zake tusingekuwa na hata hiki tulichonacho. Lakini studio ilikuwa na masharti yake. Mashairi yalipitiwa kwanza kabla ya kurekodiwa. Bendi ilipiga kwa pamoja, moja kwa moja, na wimbo ulipaswa kuingia katika muda wa kipindi. Kisa kilirekodiwa chote. Chemko ndilo lililopunguzwa.

Santuri nayo ilikuwa na kikomo chake. Ile ndogo ilikuwa na pande mbili, hivyo wimbo mrefu uligawanywa, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania zilifyatuliwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, hata santuri hizo zikawa adimu. Kwa mkazi wa Ileje, basi, njia zilikuwa mbili tu: kusubiri redio iamue, au kwenda ukumbini.

Ukumbini hakukuwa na saa ya kipindi. Chemko lililochukua dakika mbili redioni lilikwenda dakika kumi, kumi na tano, kadiri wachezaji walivyotaka. Mpiga solo akiona wanawake watatu katikati ya ukumbi wamelikamata gitaa lake kwa nyonga, aliwapigia wao.

Kilomita 975 kwa reli

Safari ya mzee ilianzia Tunduma. Siku hizo mtu wa Ileje alifika huko kwa lori la mazao au kwa miguu, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Lami ya barabara ya Mpemba hadi Isongole ni jambo la juzi tu. Tunduma kulikuwa na reli. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na kilomita 975 kati ya hizo ziko upande wa Tanzania. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini waliipanda kwenda kutafuta kazi. Ndani ya mabehewa, anakumbuka, redio ndogo za betri ziliwashwa usiku kucha, na abiria wa Makambako alibishana na abiria wa Mlimba juu ya nani anaimba vizuri zaidi, Hassan Rehani Bichuka au Muhiddin Maalim Gurumo.

Stesheni ya TAZARA ya Dar es Salaam iko kwenye Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere, barabara ileile yenye studio za RTD. Kijana aliyeteremka na begi la turubai alikuwa amefika, bila kujua, jirani na chumba ambamo nyimbo alizozikariri tangu utoto zilirekodiwa.

Wiki ya tatu jijini, mwenyeji wake alimpeleka Ilala kuwaona JUWATA.

Usiku wa kwanza

Bendi hiyo ilikuwa na historia ndefu tayari. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, na kuitwa NUTA Jazz. Ulikuwa mpango mpya: chama kilinunua vyombo, wanamuziki wakaajiriwa na kulipwa mshahara kila mwezi kama makarani. Mfano huo uliigwa na mashirika, jeshi, polisi na viwanda nchi nzima. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika. Ikawa JUWATA, baadaye OTTU, na leo ni Msondo Ngoma.

Anachokikumbuka kwanza si mwimbaji. Ni besi. Redioni besi ilikuwa mvumo tu uliojificha nyuma ya gitaa, naye hakuwahi kujua kwamba ina wimbo wake wenyewe. Alipoingia mlangoni ilimgonga kifuani, na kwa muda akasimama palepale akiwazuia waliokuwa nyuma yake.

Cha pili ni kwamba bendi ilianza na ukumbi ukiwa karibu mtupu. Saa tatu usiku walipiga nyimbo za kupasha vyombo moto, bila kuimba, huku meza zikijaa mojamoja. Waimbaji wakubwa walikaa pembeni na soda zao kama wageni wa kawaida. Ilipokaribia saa tano ndipo walipopanda jukwaani wote kwa pamoja, tarumbeta ya Joseph Lusungu ikalia, na hakuna aliyebaki kitini. Gitaa la solo lilikuwa mikononi mwa Saidi Mabera. Alisimama bila mbwembwe, uso mkavu, kana kwamba vidole vile ni vya mtu mwingine. Mzee wa Mbebe alisogea hadi mbele kabisa ili avione, na alipoviona hakuelewa zaidi. Viliruka nyuzi kabla jicho halijavifuata.

Akaona pia jinsi waimbaji walivyotunzwa. Shabiki aliyeguswa na mstari alitoka kwenye meza yake, akapanda jukwaani akicheza, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji lililolowa jasho. Mwimbaji hakunyamaza. Alilitaja jina la mtunzaji ndani ya wimbo, akalipachika katika nafasi iliyokuwa ya jina jingine, na ubeti ukaendelea kana kwamba ulitungwa hivyo. Wimbo uliopigwa usiku ule haukuwa na pacha wake kokote.

Walifunga karibu na alfajiri. Alitembea kwa miguu hadi Temeke na akaenda kazini bila kulala.

Msondo na Sikinde

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki mahiri wa jiji walikusanyika kuunda bendi mpya kwenye baa iliyoitwa Mlimani Park. Walikuwamo Gurumo mwenyewe aliyetoka JUWATA, mpiga gitaa Abel Balthazar, Cosmas Chidumule na Michael Enoch, aliyeitwa King Michael, fundi wa vyombo vingi aliyewanyoosha vijana wengi kimuziki tangu alipokuwa Dar es Salaam Jazz. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mtindo wao waliuita Sikinde, na JUWATA wakaupiga wao wa Msondo. Yote mawili ni majina yaliyochukuliwa kutoka ngoma za Pwani.

Hapo jiji likagawanyika, kama lilivyogawanyika kwa Simba na Yanga. Bendi hizi mbili zilipopambana jukwaa kwa jukwaa wakati wa sikukuu, watu waliingia mapema na kukaa pande zao. Wanamuziki walihama huku na huko na mashabiki waliwafuata kwa machozi au kwa matusi. Bichuka aliimba pande zote mbili. Shaaban Dede vilevile. Mwaka 1985 Gurumo na Balthazar walihamia International Orchestra Safari Sound na mtindo wao wa Ndekule, na kuhama huko kulizungumzwa kwenye vijiwe vya kahawa kama habari ya serikalini.

Mzee alikuwa wa Msondo, lakini anakiri kwamba Jumapili alikwenda Sikinde. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kazi ngumu ya miguu: katika miaka ile ya uhaba wa mafuta magari binafsi yalikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana, hivyo hata wenye gari walikwenda dansini kwa kutembea. Anaikumbuka vizuri barabara iliyojaa watu waliovaa suti na viatu vilivyong'aa, wakitembea katikati ya lami kama maandamano ya harusi.

Tofauti ya bendi hizo mbili, kwa maelezo yake, haikusikika redioni kama ilivyosikika ukumbini. Msondo walikusukuma: tarumbeta zilikuja mbele, ngoma zilikuwa nzito, mchezaji alichoka kwanza magotini. Sikinde walikuzungusha: magitaa matatu yalisukwa kama ukili, kila moja likipita chini ya jingine, na mtu alijikuta ameshacheza nusu saa kabla hajajua kwamba anacheza.

Bendi moja, usiku mmoja

Orodha yake ni ndefu na anaitaja kwa kumbi, si kwa miaka. Maquis Original, wanamuziki waliotoka Zaire na kulifanya jiji kuwa nyumba yao, aliwaona Ubungo kwenye ukumbi wa White House. Walikuwa wengi jukwaani, wamevaa sare, na walicheza kwa mpangilio ambao vijana wa Temeke waliuiga wiki nzima iliyofuata. Ndala Kasheba alimwona akiwa na gitaa lake la nyuzi 12, ambalo sauti yake ilijaza nafasi ya wapigaji wawili. Vijana Jazz, bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala iliyoundwa mwaka 1971, aliwafuata kwa sababu ya sauti ya Hemed Maneti, na Maneti alipofariki mwaka 1990 alikaa miezi mingi bila kuingia ukumbi wowote. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, alimwona akiwa na Dar International, amesimama wima na kipaza sauti, bila kunengua hata kidogo, na ukumbi mzima ukiwa kimya kusikiliza kisa.

Yupo ambaye hakumwona. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa hajafikisha miaka 35. Mbaraka alikuwa amepiga hadi Japani, kwenye maonesho ya Osaka ya mwaka 1970. Kijana wa Ileje alikuwa ndio kwanza amepata kazi, na alikuwa ameshaweka akiba ya kiingilio. Habari ilisomwa redioni. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado anaitaja kama mtu anayetaja msiba wa nyumbani.

Wimbo ambao redio haikuupiga

Kama ukumbi ulimpa mtu chemko refu, kwa Remmy Ongala ulimpa zaidi ya hapo. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Mwaka 1988 alialikwa Ulaya kwenye tamasha la WOMAD, na kampuni ya Real World ya Uingereza ikatoa albamu zake mbili, moja mwaka 1989 na nyingine 1992. Dunia ikamjua. Lakini waliomjua zaidi ni watu wa Sinza na Temeke, waliomwita Dokta Remmy na ambao yeye aliwaita wanyonge wenzake. Kituo cha daladala cha Sinza kwa Remmy bado kipo hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 90, Ukimwi ukiwa unaua watu wengi huku wengi wakiona aibu kuutaja, Remmy alitunga "Mambo kwa Soksi", wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu. Redio haikuupiga. Kwa hiyo wimbo ukaishi kwenye kaseti na, zaidi ya yote, ukumbini. Mzee wa Mbebe aliusikia mara ya kwanza akiwa katikati ya watu. Remmy aliusimamisha muziki, akazungumza na wasikilizaji kama mtu anayezungumza na ndugu zake, akacheka nao, halafu akawaambia jambo zito. Mzee anasema alikuwa ameshawazika marafiki wawili bila ugonjwa kutajwa. Usiku ule ndiyo mara yake ya kwanza kusikia jambo lile likisemwa kwa sauti mbele ya mamia ya watu, na hakuna aliyeondoka.

Remmy alifariki Desemba 13, 2010. Mtafiti anayetegemea kanda za redio peke yake hatauona usiku ule.

Lori la vyombo

Isidhaniwe kwamba dansi lilikuwa la Dar es Salaam tu. Bendi zilisafiri. Ziliyafuata mazao: pamba ilipouzwa zilikwenda Kanda ya Ziwa, kahawa ilipolipwa zilipanda milimani. Mbozi na Ileje ni nchi ya kahawa, na malipo ya wakulima yalipotoka, fedha ilikuwapo ya kiingilio.

Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini bendi ya nyumbani ilikuwa Tancut Almasi ya Iringa, mali ya kiwanda cha kukata almasi. Iliundwa katika miaka ya 80 na ilitambulika kwa sauti za mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mmoja wa wapiga gitaa wake, John Kitime, baadaye alijitolea kuandika historia ya wanamuziki wenzake, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo juu ya kizazi kile tunakijua kwa juhudi za watu wa aina yake.

Ujio wa bendi mikoani ulikuwa tukio la siku mbili. Siku ya kwanza gari lenye spika lilizunguka mitaani likitangaza. Siku ya pili lori la vyombo liliegeshwa nje ya ukumbi tangu asubuhi na watoto walijaa kutazama mafundi wakishusha maboksi ya spika, ngoma zilizofungwa kwa kamba, na jenereta. Jenereta ndilo lililoamua kila kitu. Likikohoa katikati ya chemko taa zilizimika, magitaa yakanyamaza, na hapo ukajua nani ni mwanamuziki: wapiga tumba na drami waliendelea gizani, waimbaji wakaimba kwa koo tupu, ukumbi ukaitikia, hadi mtambo ulipowaka tena na gitaa kuingia palepale lilipostahili kuwa. Mzee alilishuhudia hilo mara moja, alipokuwa likizo nyumbani. Katika usiku wote aliowahi kuingia dansini, huo anauweka wa kwanza.

Mpakani nako kulikuwa na ladha yake. Tunduma na Nakonde ya Zambia zimetenganishwa na mstari tu, na Chitipa ya Malawi iko ng'ambo ya Isongole. Madereva wa malori waliokwenda Kongo walileta kaseti za Kinshasa kabla hazijafika Dar es Salaam. Mchezaji wa Tunduma alikuwa mgumu kumridhisha, kwa sababu alikuwa ameshasikia mengi.

Vyombo vilipouzwa

Katika miaka ya 90 mashirika yaliyomiliki vyombo yalibinafsishwa au kufilisika. Bendi ya kiwanda haiishi kiwanda kikifa. Nyingine zilisambaratika, nyingine ziligeuka mali ya watu binafsi. African Stars, maarufu kwa jina la Twanga Pepeta chini ya Asha Baraka, ilionesha kwamba dansi bado linaweza kujaza ukumbi likiwa na wanenguaji, marapa na mwendo wa kasi. Vijana nao walikuwa wameshapata muziki wao, Bongo Fleva, ambao haukuhitaji lori la vyombo.

Mzee hana ugomvi na muziki wa wajukuu. Anasema maelfu ya vijana wakiimba mstari mmoja uwanjani nao ni jambo la kuona. Na anakumbuka kwa furaha kwamba mwaka 2013, Gurumo alipostaafu baada ya takriban nusu karne ya kuimba, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Anachodai ni kimoja: msikilizaji wa leo asidhani kwamba wimbo wa dakika tano ndio wimbo wote.

Dunia ina mifano ya kujifunza. Nchini Marekani bendi ya Grateful Dead iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonesho yake, na mwaka 1984 ikawatengea kabisa eneo lao la kusimamisha vipaza sauti. Kwa sababu hiyo, leo maonesho yao ya ukumbini yanajulikana usiku kwa usiku. Karibu nasi, Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Dansi letu ni ndugu wa damu wa rumba hiyo. Msondo Ngoma na Sikinde bado zinapanda jukwaani, lakini waliozijenga wengi wao wameondoka: King Michael, TX Moshi William aliyefariki 2006, Gurumo, Dede aliyefariki 2017. Mashabiki wao nao wanazeeka.

Mjukuu wa Mbebe ameshaanza kazi. Jioni baada ya kazi za nyumbani anapiga wimbo mpaka unakatika, kisha anawasha kinasa sauti cha simu na kumwacha babu yake aendelee kwa mdomo: solo ilikwenda hivi, saksafoni ikajibu hivi, hapa Mabera alirudi nyuma, hapa watu walipiga mayowe. Anaandika jina la bendi, ukumbi, na mwaka kwa kukisia. Kazi hiyo haihitaji mradi wala mfadhili.

Kwa hiyo ombi ni kwa msomaji mwenye mzee nyumbani, awe Vwawa, Tunduma, Itumba au Temeke. Kaa naye wikiendi hii. Mpigie wimbo wa bendi aliyoipenda, na ukikatika usiweke mwingine; rekodi kitakachofuata. Kama kuna picha ya dansi kabatini, andika nyuma yake jina la bendi na la ukumbi kabla anayejua hajaondoka. Na bendi ya dansi ikitangaza kupita mkoani kwenu, lipa kiingilio uingie, na ubaki hadi watakapofunga vyombo.